Tanga hadi Dar: kilomita 200 za angani, 350 za basi, na dakika ambazo tiketi haikuambii

Ukiingia mtandaoni ukaandika umbali wa Tanga na Dar es Salaam utapewa majibu mpaka uchoke, huku wanakwambia kilomita 198, pale 194, kwingine 350 na ushee, na kwenye muda ndo balaa kabisa manake yupo anayesema ndege inatumia dakika 40, yupo wa dakika 45, na jirani yako aliyepanda juzi anakuapia kwamba alikaa karibu saa mbili toka waruke mpaka anashuka. Na cha ajabu wote hao wanasema kweli. Kila mmoja kapima kitu chake, ila hakuna anayetaja kapima nini.

Sasa tulifungue taratibu, na tutumie Tanga yetu hii hii manake ni mji ambao pengo kati ya umbali wa juu na umbali wa chini ni kubwa mno, karibu mara mbili, na kuna sababu zake ambazo ukizijua hata ramani utaanza kuisoma tofauti.

Tuanze na mstari ulionyooka, ule unaopigwa toka nukta hadi nukta bila kujali mto, bahari wala kijiji cha mtu. Huu unapatikana kwa hesabu ya latitudo na longitudo tu, na kwa Tanga na Dar tuna bahati moja nzuri sana, hii miji imekaa karibu kaskazini na kusini kabisa ya mwenzake, kwa hiyo hesabu yake unaweza kuipiga kichwani ukiwa umekaa barazani na kahawa yako. Uwanja wa ndege wa Tanga uko kama nyuzi 5 na dakika 5 na nusu kusini mwa ikweta. Uwanja wa Julius Nyerere pale Dar uko nyuzi 6 na karibu dakika 53. Toa ndogo kwenye kubwa, unabaki na nyuzi 1 na dakika 47, yani dakika 107 jumla (nyuzi moja ina dakika 60, ila hizi ni dakika za pembe, usizichanganye na za saa ya mkononi). Na kila dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, ndivyo maili hiyo ilivyopatikana toka enzi za mabaharia, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Zidisha mara 107 unapata kilomita 198. Basi. Hiyo ndo 198 unayoiona mtandaoni.

Na ile 194 je? Hiyo mtu kapima mjini hadi mjini, toka katikati ya Tanga mpaka katikati ya Dar, badala ya kiwanja hadi kiwanja. Uwanja wa Dar uko kusini magharibi ya mjini kule Kipawa, kwa hiyo ukihesabu mpaka uwanjani unaongeza kilomita kadhaa. Ni tofauti ndogo, haina haja ya kugombana, ila inakuonesha kwamba hata ule mstari ulionyooka una swali lake: unaanzia wapi na unaishia wapi? Kuhusu dunia kuwa duara na ndege kupinda njia, achana nalo, hilo lina maana kwenye safari za maelfu ya kilomita, kwa Tanga na Dar halibadilishi kitu.

Jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu mstari huu ni kwamba sehemu yake kubwa iko baharini. Angalia ramani vizuri. Pwani yetu ikitoka Tanga inaelekea kusini inaingia ndani kidogo, Pangani iko magharibi zaidi ya Tanga, Saadani iko magharibi zaidi ya Pangani, afu inaanza kurudi nje Bagamoyo mpaka Dar. Kwa hiyo mstari ulionyooka wa Tanga na Dar unakata juu ya maji, unapita kati ya bara na Unguja, ndo maana ukipanda ndege siku ambayo hakuna mawingu na ukakaa upande mzuri unaona bahari muda wote na Unguja inapita upande wa pili. Hakuna basi litakaloweza kufuata mstari huo hata dereva awe na roho ngumu vipi.

Basi sasa njoo kwenye basi.

Barabara ya Tanga hadi Dar ni kama upinde, na ule mstari wa ndege ndo kamba ya upinde huo. Ukitoka Tanga unaelekea magharibi, Muheza, Hale, mpaka Segera, hapo umeshatembea kama kilomita 75 na kusema kweli kusini bado hujaenda kitu cha maana, umeingia bara tu. Segera ndo unakata kushoto unashuka kusini, Kabuku, Mkata, unavuka mto Wami, Msata, Lugoba, mpaka Chalinze. Chalinze iko mbali na bahari, kilomita mia na kidogo toka Dar, sasa unageuza unarudi mashariki, Mlandizi, Kibaha, mpaka Mbezi. Jumla inakuja kama kilomita 350. Yani toka Tanga unaikimbia bahari, afu mwishoni unaifuata tena. Kile kipande cha katikati, Segera mpaka Chalinze, ndo pekee kinachoelekea kusini kwa dhati, vingine viwili vikubwa ni vya kwenda magharibi na kurudi mashariki, vinakula karibu kilomita 180 ambazo ndege haizijui kabisa.

Kwa nini imekuwa hivo? Hapa ndo utamu wa habari ulipo, manake jibu liko kwenye historia kuliko kwenye jiografia.

Wajerumani walipoanza kujenga reli hapa nchini walianzia Tanga, mwaka 1893, na nia yao ilikuwa kwenda juu, Muheza, Korogwe, Usambara, na mwisho ikafika Moshi mwaka 1911. Dar ilipata reli yake baadaye, ile ya kati iliyoanza 1905 ikaenda Morogoro mpaka Kigoma. Angalia sasa: bandari mbili, kila moja ina reli yake inayotoka baharini kuingia bara, na kati ya hizo reli mbili hakukuwa na kiunganishi. Mazao yalikuwa yanashuka toka bara mpaka bandarini afu yanapanda meli, hapakuwa na mtu aliyekuwa na shida kubwa ya kusafirisha katani toka Tanga kwenda Dar kwa nchi kavu. Kiunganishi cha reli, toka Ruvu mpaka Mnyusi, kimekuja kukamilika mwaka 1963, baada ya uhuru, na chenyewe kimepita huko huko ndani. Barabara nazo zikafuata fikra ile ile, ipo inayotoka Dar kwenda Morogoro na ipo inayotoka Tanga kwenda Moshi na Arusha, afu ukatiwa mkono wa kuziunganisha kati ya Chalinze na Segera. Barabara tunayoiita ya Tanga, ukiitazama kwa jicho kavu, ni barabara ya Dar kwenda Arusha ambayo sisi tumechomoka tawi lake pale Segera. Umbali wetu na Dar uliamuliwa na safari ya watu wengine.

Ukweli ni kwamba na pwani yenyewe si rahisi. Kuna mto Pangani unaoingia baharini pale pale mjini Pangani, kuna Wami unaomwaga maji yake kwenye mikoko kusini ya Saadani, kuna Ruvu karibu na Bagamoyo, na katikati kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kujenga barabara juu ya midomo ya mito ni gharama, daraja linakuwa refu, udongo wa mikoko hauna uimara. Kule ndani mto huo huo unauvuka ukiwa mwembamba.

Ila hilo linabadilika, manake ile barabara ya pwani, Bagamoyo, Makurunge, Saadani, Pangani mpaka Tanga, ipo kwenye ujenzi kwa vipande vipande, ikiwemo daraja la Pangani, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ni sehemu ya ushoroba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaotokea Malindi kupitia Lunga Lunga na Horohoro mpaka Bagamoyo. Kijiweni utasikia watu wanasema ikiisha Dar itakuwa saa mbili tu. Jamani, tupige hesabu kidogo. Urefu wa hiyo barabara toka Bagamoyo hadi Tanga unatajwa karibu kilomita 250, ongeza kama 65 za Bagamoyo na Dar, unapata 315 hivi. Ukilinganisha na 350 umeokoa kilomita 35. Ni kitu, lakini si muujiza. Kwangu mimi faida kubwa ya ile njia ni kuachana na malori ya Arusha na ya Morogoro, kile kipande cha Chalinze hadi Kibaha ambacho kilomita zake ni chache lakini dakika zake ni nyingi. Na Pangani, ambao miaka yote wamekuwa mwisho wa njia, watakuwa katikati ya njia, hiyo peke yake inatosha kuijenga.

Kuna pia njia ya kati, ile ya kutoka Dar kwa Bagamoyo afu unakata kwenda Msata, kile kipande cha Bagamoyo hadi Msata ni lami ya kilomita 64, unaibukia barabara kuu ukiwa umeikwepa Chalinze. Wenye magari binafsi wengi wanaijua hii. Mabasi mengi bado yanapita Chalinze kwa sababu abiria wako Kibaha na Mlandizi na stendi iko Mbezi.

Muda wa basi sasa. Mtu anagawa 350 kwa 80, anapata saa nne na dakika 20 na kitu, anamwambia mgeni wake saa nne umefika. Hapana bwana. Ile 80 ni kikomo cha basi, si wastani wake. Kwenye vijiji ni 50 na matuta juu, na barabara hii ina vijiji kila baada ya muda mfupi, na siku hizi mabasi yamefungwa vile vifaa vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vya kufuatilia mwendo kwa hiyo dereva hawezi kufidia mbele kama zamani, na ni heri hivo. Weka na kusimama Segera au Kabuku watu wale, wajisaidie, wanunue machungwa ya Muheza kupitia dirishani. Saa tano na nusu mpaka sita ndo hesabu ya mtu mzima, yani wastani wa kilomita 60 kwa saa, na hapo foleni ya Kibaha haijakukasirikia.

Haya tupande juu.

Kosa la kwanza watu wanalofanya kwenye muda wa ndege ni kudhani ndege ni ndege. Ukisema ndege akili inakwenda kwenye jeti kubwa, inayokimbia kilomita 800 kwa saa. Kwa spidi hiyo Tanga hadi Dar ni robo saa. Lakini uwanja wa Tanga una njia fupi ya kurukia, jeti za abiria haziji, kinachokuja ni ndege ndogo ya pangaboi, na aina iliyozoeleka zaidi kwenye njia hizi za pwani na visiwa ni Cessna Caravan, ya injini moja, abiria kama 12 au 13, mabawa yake yako juu ya madirisha kwa hiyo unaona chini bila kuzuiwa. Hii spidi yake ya kawaida ikishatulia ni kama maili 160 za baharini kwa saa, tuseme kilomita 300. Uzito wake ikiwa imejaa kila kitu ni karibu tani 4, na ndo maana mzigo wanakuwekea kikomo cha kilo 15 na wanataka begi laini linaloingia kwenye kijitumbo chake, sanduku gumu la magurudumu linawasumbua. Ukiulizwa uzito wako usinune.

Basi kwa kilomita 300 kwa saa, 198 unazimaliza kwa dakika 40 kasoro kidogo. Hiyo ni kama ungetokea angani ukiwa tayari kwenye spidi kamili na ukapotelea angani. Katika hali halisi ndege inaruka, inapanda, na wakati wa kupanda spidi ni ndogo, inaweza kuwa theluthi mbili tu ya ile ya kawaida. Ikifika Dar haishuki moja kwa moja, rubani anapangiwa foleni na watu wa mnara, akikuta ndege kubwa mbele yake anaambiwa zunguka kidogo, afu lazima atue akiukabili upepo kwa hiyo wakati mwingine anapitiliza uwanja ndo anageuza kurudi. Zote hizo ni dakika tano, saba, kumi. Kwa hiyo dakika 45 mpaka 50 angani ndo jibu la ukweli kwa safari isiyosimama popote.

Na hapa kuna kichekesho kimoja. Zile tovuti za kupiga hesabu ya muda wa ndege, nyingi zinafanya kitu rahisi sana: zinachukua mstari ulionyooka, zinagawa kwa spidi ya jeti, kama kilomita 800 hivi, afu zinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Tanga na Dar: 198 gawa kwa 800 ni dakika 15, jumlisha 30, unapata 45. Umeona? Jibu limekuja karibu sawasawa na la ukweli, wakati kila kitu ndani yake hakipo, jeti haipo na nusu saa ya kuongeza si ya ndege ndogo. Zimepatia kwa bahati. Ijaribu tovuti hiyo hiyo kwa Tanga na Pemba: mstari wa kiwanja hadi kiwanja ni kilomita 84, gawa kwa 800 ni dakika 6, jumlisha 30, inakwambia dakika 36. Caravan hapo inatumia dakika 20 mpaka 25, umeagana na Tanga unaiona Pemba. Ndo maana usiziamini sana hizo tovuti kwenye safari fupi, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa London na Dubai.

Jambo jingine la safari fupi ni kwamba zile dakika za kupanda na kushuka ni zile zile hata uende mbali, kwa hiyo kadiri safari inavyokuwa fupi ndivyo zinavyokula sehemu kubwa zaidi. Chukua Dar na Mwanza, mstari wake ni kama kilomita 850, jeti inatumia saa moja na nusu hivi. Umbali ni zaidi ya mara nne ya Tanga na Dar, muda ni mara mbili tu.

Haya, upepo. Hapa watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa, babu zetu walikuwa wanapanga mwaka mzima kwa kusi na kaskazi, jahazi linakuja na kaskazi linaondoka na kusi. Ndege nayo inausikia upepo huo huo, kwa kiasi chake. Spidi ya ndege ni spidi ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Tuseme ni kipindi cha kusi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, unatoka Tanga kwenda Dar, upepo unakuja toka kusini na kusini mashariki, unakukabili usoni. Kama sehemu inayokukabili ni kilomita 30 kwa saa, basi ile 300 yako juu ya ardhi inakuwa 270, na 198 utazimaliza kwa dakika 44. Anayerudi Tanga siku hiyo hiyo anasukumwa, anapata 330, dakika 36. Tofauti dakika 8 kwa njia moja. Ikifika kaskazi, Desemba mpaka Machi, mambo yanageuka, anayekwenda Dar ndo anasukumwa.

Mtu atasema basi kwenda na kurudi inafidia. Karibu, ila sio kabisa. 44 na 36 ni 80, bila upepo ingekuwa 79 na kidogo. Upepo siku zote unakula zaidi ya unavyorudisha, kwa sababu ukiwa unakukabili unakaa nao muda mrefu, ukiwa unakusukuma unakaa nao muda mfupi. Kwa safari yetu ni sekunde tu, kwa anayevuka bahari kubwa ni mafuta mengi.

Sasa turudi kwa jirani aliyekaa saa mbili. Huyo hakudanganya hata kidogo. Ndege za Tanga nyingi haziji Tanga peke yake, abiria wetu ni wachache, kwa hiyo kampuni inaunganisha: Dar, Zanzibar, Pemba, Tanga, au kinyume chake. Piga hesabu ya mistari. Dar hadi Zanzibar kilomita 73, Zanzibar hadi Pemba 125, Pemba hadi Tanga 84. Jumla 282 badala ya 198. Angani peke yake kwa 300 ni dakika 56, lakini kumbuka umepanda mara tatu na umeshuka mara tatu, kila mara dakika zake, afu kila kisiwa mnasimama wengine washuke wengine wapande, mzigo utolewe mzigo uingizwe, dakika 10 au 15 ikienda vizuri. Saa moja na dakika 45, saa mbili, ndo hiyo. Yule anayesema dakika 45 alipata ndege iliyonyoosha. Kwa hiyo ukikata tiketi usiulize ndege inatumia muda gani, uliza inasimama wapi. Hilo swali moja linakupa jibu kuliko kilomita zote.

Na ule muda ulioandikwa kwenye tiketi nao una siri yake. Hauanzi ndege ikiruka. Unaanza inapoondoka ilipoegeshwa na unaisha inaposimama kabisa upande wa pili. Kule Tanga kati ya kuwasha na kuruka ni muda mfupi sana, kiwanja kitupu. Dar ni habari nyingine, unasubiri jeti mbili tatu ziruke mbele yako, na ndege ndogo ikiwa nyuma ya kubwa lazima isubiri zaidi, manake ile kubwa inaacha mzunguko wa hewa nyuma yake unaoweza kuibirua ndogo. Kampuni zinajua hili kwa hiyo zinaweka dakika za akiba kwenye ratiba.

Ukitaka kulinganisha kwa haki basi na ndege, pima mlango hadi mlango. Ndege: boda toka mjini mpaka kiwanjani ni muda mfupi, uwanja wa Tanga uko jirani, weka robo saa. Umeambiwa ufike saa moja kabla. Angani dakika 45 mpaka 50 kama imenyoosha. Kusubiri begi robo saa. Kutoka uwanjani Dar mpaka Posta au Kariakoo kwa barabara ya Nyerere, weka dakika 45, jioni ongeza. Hapo ni saa tatu, na kwa ndege ya kupitia visiwani saa nne na zaidi. Basi: kufika stendi ya Kange na kusubiri lijae au muda ufike, saa moja kasoro. Barabarani saa sita. Umeshushwa Mbezi, si Ubungo tena, na toka Mbezi mpaka Posta kwa mwendokasi au daladala ni saa moja na zaidi. Saa nane. Ndege imekuokolea saa nne mpaka tano, ambazo ni nyingi, ila zile hesabu za "dakika 45 dhidi ya saa sita" zinakupa picha kwamba ndege ni mara nane ya basi, wakati kwa mlango hadi mlango ni mara mbili na kitu. Kwangu mimi mtu mwenye mkutano wa siku moja apande ndege asifikirie mara mbili, kwa sababu ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo kwa basi la Dar ni adhabu. Mtu anayekwenda kukaa wiki na ana kiroba cha nazi, nauli ya ndege na kilo 15 vitamuumiza bure.

Kuna safari mbili za karibu ambazo zinageuza kabisa haya niliyosema. Moja ni Pemba, ambako barabara haipo kwa hiyo mstari ulionyooka ndo umbali wenyewe, 84 ni 84, na upande wa pili wa mizani ni masaa baharini, na kama bahari imechafuka hiyo hesabu nayo inakufa. Hapo ndege inashinda kwa mbali hata mtu asiyependa ndege anakubali.

Ya pili ni Bagamoyo na Unguja. Toka Bagamoyo mpaka Mji Mkongwe ni kama kilomita 44 tu kwa mstari, ni karibu kuliko Bagamoyo na Posta kwa barabara, na enzi zile za misafara majahazi yalikuwa yanakata hapo kila siku, Bagamoyo ilikuwa ndo mlango wa bara kwa mtu wa Unguja. Leo msafiri wa kawaida anatoka Bagamoyo anakwenda kusini Dar kama kilomita 65, anapanda boti anarudi kaskazini kilomita 74, jumla karibu 140, mara tatu ya mstari, na anapokaribia Unguja amesharudi kaskazini ya alikoamkia asubuhi. Boti ya abiria ya uhakika iko Dar, basi, na umbali wako unaanzia ilipo boti.

Mombasa nayo wengi wanaiuliza. Mstari wa kiwanja hadi kiwanja ni kama kilomita 130, barabara kwa Horohoro ni kama 170, hapa upinde umenyooka kabisa kwa sababu barabara inafuata pwani. Kwa kilomita tu ungedhani ni saa mbili na nusu. Ila kuna foleni ya mpakani kugonga pasi, na kuna kivuko cha Likoni upande wa pili kwa anayepita hapo, na hivyo viwili hakuna kilomita inayoweza kuvipima, siku nyingine vimeisha kwa nusu saa, siku nyingine unafika Mombasa jua limezama.